Kabla Hujapakia Mizigo Kwenda Lushoto

Jumanne usiku nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Kimara. Barua ya kuacha kazi ameshaiandika, bado kuipeleka tu. Anapenda milima kama mimi, amechoka na foleni, na amepiga hesabu akaona kodi ya chumba chake Dar inalipa nyumba nzima huku Lushoto, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, na chenji inabaki. Swali lake lilikuwa moja: "Dada, shilingi ngapi zinatosha kuhamia huko?"

Ujumbe ulinikuta ndiyo kwanza nimevua viatu. Nilikuwa nimerudi kutoka Mtae na watu 14, siku tatu kwa miguu. Tulitoka Lushoto mjini, tukapita msitu wa Magamba, tukalala Lukozi, kisha Rangwi kwa masista. Hiyo ni safari ya 11 ninayoiandaa pamoja na waongozaji wenyeji wenye vibali. Wawili kati ya hao 14 ni watu niliofanya nao kazi Dar, waliosema mbele yangu nilipokuwa nahamia Lushoto kwamba nitarudi Dar kabla ya masika. Mmoja alilia tulipofika ukingoni Mtae, pale mlima unapokatika ghafla na nyika ya Mkomazi imetandazwa chini hadi macho yanachoka. Sikumkumbusha maneno yake. Ila mimi nilikuwa nayakumbuka yote.

Nilihama Januari 2021. Sinza nilikuwa nalipa 250,000 kwa mwezi kwa vyumba viwili vyenye joto la tanuri. Huku nilipata nyumba ya vyumba vitatu, ua wa mapeasi na maji ya bomba kutoka mlimani, kwa 80,000. Nililipa kodi ya mwaka mzima siku ileile, sikutaka hata kufikiri. Kazi yangu ni ya vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo, naweza kuifanyia popote penye intaneti. Nilijiona nimeshinda maisha.

Ukitoka Mombo kule chini kwenye joto na mkonge, gari linapanda kona kwa kona kilomita 33 hivi, unapita maporomoko ya Soni, na kila kona unahisi hewa inabadilika puani. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walipaita Wilhelmstal na wakajijengea nyumba wakikimbia joto la pwani. Sisi tunaokuja leo tunakimbia jambo lilelile, na tunadhani kuwa hilo linatosha.

Kila alfajiri nilikuwa nakimbia hadi Irente na kurudi. Miezi miwili nikakimbia hivyo, muziki masikioni, nikiwapita kina mama wenye mizigo ya kuni na makabichi kichwani, nikiwapungia mkono. Siku moja bibi jirani yangu alinisimamisha njiani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, nani anakukimbiza?" Nikamweleza ni mazoezi. Akatikisa kichwa, akasema, "Haya. Maana juzi ulipita kwenye msiba unakimbia."

Nilisimama pale jasho likanikauka mwilini. Nilikumbuka nyumba ile. Turubai la bluu, mabenchi, wanaume wamekaa kimya, masufuria makubwa nyuma ya nyumba. Nilipita mita tano kutoka kwao na masikio yamezibwa. Marehemu alikuwa kaka wa fundi aliyeniunganishia maji. Nikaelewa kwa nini bomba langu lilipopasuka wiki ile hakuna aliyekuja, nikateka maji kwa ndoo siku tisa nikilalamika kwamba watu wa huku ni wagumu.

Watu wa huku si wagumu. Mimi ndiye niliyehamia kwenye milima nikasahau kwamba milima ina wenyewe. Ile njia ninayoifurahia kama uwanja wa mazoezi ndiyo njia ya mama yule kwenda sokoni na ya mtoto yule kwenda shule. Nilikwenda kwenye ule msiba nikiwa nimechelewa, nikatoa rambirambi, nikaosha vyombo hadi jioni. Maji yalirudi kesho yake.

Kosa la pili lilinigharimu fedha. Nilipenda kipande cha ardhi, nusu eka, mtazamo mzuri na kijito kinapita chini yake. Mwenyewe alitaka milioni 4. Tuliandikishana barazani kwake, mashahidi wawili, soda tukanywa. Baada ya miezi mitatu wakaja ndugu zake wanne, kila mmoja anasema shamba ni la urithi na hakushirikishwa. Nilipokwenda ofisi ya kijiji ndipo nikaambiwa kwamba ardhi ya kijiji haiuzwi barazani. Kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia. Na hata ningeshinda, kile kijito nilichokipenda kingenifunga mikono, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ningejenga wapi? Nilirudishiwa milioni moja na nusu. Zilizobaki sijaziona mpaka leo, na aliyezichukua tunapishana sokoni anajifanya anatazama nyanya. Inaniuma bado. Sitasema haiumi.

Kwa hiyo usinunue ardhi mwaka wa kwanza. Nasema tena, mwaka wa kwanza usinunue. Panga nyumba, ishi, zungumza na watu, kisha anzia ofisi ya kijiji kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Miezi minane iliyofuata sina la kuisimulia, nilifanya kazi na kulala mapema.

Ila nitasema kuhusu baridi, kwa sababu watu wa Dar hatuijui. Juni hadi Agosti ukungu unaingia hadi jikoni na nguo hazikauki siku tatu. Usiku mmoja niliingiza jiko la mkaa chumbani nikafunga dirisha. Niliamka kichwa kinapasuka, miguu haina nguvu, nikatambaa hadi mlangoni. Hewa ile ya sumu haina harufu, inakuchukua usingizini. Nunua mablanketi mazito na makoti ya mtumba, mkaa uache nje. Tafadhali nisikilize katika hili hata kama mengine utayapuuza.

Na masika usipange safari ya lazima ya Dar. Mvua kubwa ikinyesha, mawe yanashuka kwenye ile barabara ya Mombo. Aprili moja nilikaa siku mbili sitoki, na mteja akanikimbia kwa sababu umeme nao ulikatika.

Mdogo wangu wa Kimara, umeniuliza shilingi ngapi. Fedha ya kodi unayo tayari, hiyo si shida, na ndiyo maana wengi tunaingia huku vichwa mbele. Mimi ningekuuliza una kazi gani inayoweza kusubiri umeme urudi, na uko tayari kukaa msibani kutwa nzima siku uliyopanga kupanda Magamba. Tunaopenda milima tuna ubinafsi fulani. Tunataka ukimya, tunataka njia tupu. Huku njia si tupu, na ukiona iko tupu asubuhi, uliza nani amefariki.

Usipeleke ile barua kwanza. Omba likizo, uje mwezi wa Juni, usije Desemba kwenye matunda na jua zuri ukadanganyika. Nyumba ya pili kutoka kwangu ina chumba cha kupanga kwa mwezi, nimeshamuuliza mwenyewe. Viatu vya kupandia milima unavyo, najua. Kwenye begi hilohilo weka kanga mbili. Bibi jirani atakuuliza kama unazo.