Maswali ya Wasomaji: Ada inayolipwa kwa siku ya kazi

SWALI: Sisi ni Wakatoliki kutoka Kivu, tunaishi Rogers Park, Chicago. Binti yetu anamaliza darasa la nane. Tumesikia kuna sekondari ya Kikatoliki, wavulana na wasichana pamoja, ambako mwanafunzi anafanya kazi ofisini na ada inapungua. Ni kweli, au watoto wanatumikishwa? – Mama wa watoto watano

JIBU: Ni kweli, mama. Shule ni Cristo Rey ya Wajesuiti, eneo la Pilsen, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya familia za kipato kidogo. Wanafunzi wanne wanashika nafasi moja ya kazi. Kila mmoja ana siku yake ya wiki, na siku ya tano wanapokezana. Kwa hiyo binti atakwenda kazini siku 5 katika kila wiki nne, na ratiba ya masomo hupangwa kuzizunguka siku hizo. Ni kazi za mezani: kupanga mafaili, kuskani hati, kupokea simu. Malipo yanakwenda shuleni, hayapiti mkononi mwake. Familia inaongeza kiasi kulingana na kipato chake.

Kuhusu kutumikishwa, sheria ya shirikisho imeweka mpaka. Mwenye miaka 14 au 15 katika mpango wa namna hii hazidishi saa 8 kwa siku wala saa 18 kwa wiki.

Panapokwama ni kwenye karatasi. Anahitaji kuthibitisha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi. Kwa aliye chini ya miaka 18, kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) isiyo na maandishi ya kuzuia kazi, pamoja na ripoti ya shule, vinatosha kwa fomu I-9, ile ambayo mwajiri huithibitishia ruhusa hiyo. Sasa viweke vyote viwili mezani, usome jina herufi kwa herufi. Wakimbizi wengi majina yao yamegeuzwa, la ukoo likakaa mbele, na tarehe ya kuzaliwa ikaandikwa Januari 1. Umri unaohesabika ni ule wa kwenye karatasi: kama karatasi inasema 13, hataanza kazi hata kama wewe uliyemzaa unajua ana 14. Marekebisho huchukua miezi, kwa hiyo anzeni leo hii, na wenye mtoto wa darasa la saba wasingoje.

SWALI: Kijana wangu hesabu anaziweza, lakini kwenye mtihani wa majaribio wa HSPT, ule wa kuingilia sekondari za Kikatoliki, ameanguka sehemu ya kwanza. Tatizo ni nini? – Baba, Chicago

JIBU: Saa, ndugu. Shule nyingi za Kikatoliki Marekani zinatumia mtihani huo, wenye maswali 298 kwa dakika 141. Sehemu ya kwanza, ya maneno, ina maswali 60 kwa dakika 16, yaani sekunde 16 kwa swali. Hesabu ina maswali 64 kwa dakika 45, ndiyo maana huko anapumua. Mtoto anayelipeleka kila neno kwenye Kiswahili au Kifaransa kwanza, kisha akalirudisha, sekunde zimekwisha.

Mpe maswali 15 kwa dakika 4, kila jioni, kwa saa ya simu: visawe, vinyume, neno lisilo la kundi, na yale ya “kiatu kwa mguu ni kama glavu kwa nini?” Mwambie pia jibu baya halipunguzi alama. Ikibaki nusu dakika, ajaze viduara vyote vya majibu vilivyobaki. Kuacha wazi ni kutupa alama, na watoto wetu waliofundishwa kwamba kubahatisha ni utovu wa adabu huacha vingi.

Na usitegemee ule msaada wa ada wa Illinois ulioitwa Invest in Kids. Ulikoma mwisho wa 2023. Omba msaada wa shule yenyewe, ukiwa na fomu ya kodi ya mwaka uliopita mkononi.

SWALI: Sisi ni Waislamu. Binti yetu atapokewa katika sekondari ya Kikatoliki? Atalazimishwa kubatizwa? – Msomaji

JIBU: Atapokewa, na habatizwi mtu kwa lazima. Somo la dini atalisoma na mtihani wake ataufanya, na Misa ya shule atahudhuria akiwa amekaa tu, bila kupokea komunyo. Jambo la kuulizia mapema ni sare. Ombeni ruhusa ya hijabu na rangi yake kwa maandishi kabla ya kulipa ada ya kujiandikisha, kwa sababu hiyo kwa kawaida hairudishwi.