Bafta imekataa rangi ya uyoga

*Shikamoo shangazi. Naishi Uppsala. Mwezi wa tisa niliokota ule uyoga wa kahawia, mwekundu chini ya kofia, ambao Waswidi hutilia rangi. Nikauchemsha na kipande cha bafta. Kilitoka chekundu cha kupendeza, lakini nilipokifua kikabaki kama chai ya rangi iliyozidi maji. Nimekosea wapi? Na sufuria niliyotumia ndiyo napikia wali, kuna neno?*

Marahaba mwanangu. Neno lipo, tena kubwa. Uyoga huo una ndugu zake misituni humo humo wanaoua figo, na macho ya mgeni hayawatofautishi. Wali utafutie sufuria nyingine, hiyo ibaki ya rangi tu. Na siku ya kuchemsha fungua madirisha, hata kama baridi inakukata.

Sasa bafta. Bafta ni pamba, na rangi hii haishiki vizuri kwenye pamba. Inapenda hariri na sufu (sufu ya kondoo, si sufi ya mito!). Tena naona hukutia shabu ya kushikisha rangi, ile ile waliyotulizia maji ya kisima kwetu Tanga. Pima gramu 12 kwa kila gramu 100 za sufu kavu, iyeyushe kwenye maji, tumbukiza sufu iliyokwisha lowa, upashe moto saa nzima. Maji yatoe mvuke, yasitokote. Mimi mara ya kwanza niliyaacha yakatokota, kisha nikaisuuza sufu kwa maji baridi ya bomba. Ilisinyaa ikawa ngumu kama kandambili.

Halafu uyoga. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanatia mzima mzima. Ukate mguu, maana mguu una umanjano, ukiuchanganya wekundu unageuka chungwa. Tumia kofia peke yake. Zikaushe juu ya gazeti mpaka zivunjike mkononi, kisha pima gramu 100 za kofia kavu kwa gramu 100 za sufu. Zipashe moto peke yake saa nzima ndipo utie sufu, na moto uwe ule ule wa pole. Saa nyingine nzima, kisha iache ipoe humo humo hadi asubuhi.

Ile bafta usiitupe. Ishone kifuko cha kutilia hizo kofia ndani ya sufuria, usije ukashinda kutwa unachambua vipande vya uyoga kwenye nyuzi.