Mwambie mgonjwa kwa nini hiyo dawa haisagwi

Wadogo zangu mnaoanza wodini mwezi huu, niliahidi wale wa grupu yangu ya Kisumu nitawaandikia haya maneno kirefu, na wengine pia wasome tu. Ni juu ya tembe moja na mdomo wako. Tembe ni zile zimeandikwa XR, SR, ER, MR ama Retard kwa pakiti, yaani zinatoa dawa polepole, na mdomo ni vile unamweleza mgonjwa kabla hajaenda nyumbani.

Nianze na kitu kilitokea wodi niliyofanya zamani kidogo. Kulikuwa na mama mzee amepata stroki, hawezi kumeza, ana mrija wa NG, ule unapita puani mpaka tumboni. Ana sukari pia, na kwa tritimenti shiti, karatasi ya dawa zake, bado iko metformin XR ya jioni, dawa ya sukari, ile alikuwa anatumia nyumbani, hakuna aliyebadilisha. Mwanafunzi akachukua kinu, akaponda vizuri sana mpaka ikawa unga, akaweka maji, akavuta kwa sirinji ya mililita 50. Aliposukuma haiendi. Nilipofika kitandani ile dawa ndani ya sirinji ilikuwa imekuwa nzito, inavutika kama apoth, yaani mrenda, na mrija umeziba kabisa. Tulijaribu maji ya uvuguvugu, wapi. Ikabidi tutoe mrija tuweke mwingine, na mama mwenyewe haongei lakini machozi yanatoka tu kwa jicho moja huku amenishika mkono. Hilo jicho silisahau.

Sasa mjue kilichofanyika pale, kwa sababu ukielewa hutahitaji kukariri. Hiyo tembe haijatengenezwa kama ya kawaida. Dawa imechanganywa na kitu kinaitwa haipromelosi, ambayo inatoka kwa selulosi ya mimea, mbao ama pamba, halafu inabadilishwa kiwandani. Ikiguswa na maji, ile sehemu ya nje inafura inakuwa jeli. Jeli inafunga ya ndani isilowe mara moja. Maji yanaingia polepole, dawa inayeyuka polepole, inapenya kwa ile jeli ikielekea nje, na jeli yenyewe inaendelea kulika kidogo kidogo huko tumboni na kwa utumbo. Ndio maana mtu anameza mara moja na chakula cha jioni, na dawa inaendelea kutoka masaa mengi.

Wale mmelelewa huku hamhitaji kitabu kuelewa hii. Mmepika mrenda, wengine mnaita murere, wengine apoth. Majani makavu hayana ute wowote, lakini yakipata maji na moto tu sufuria inaanza kuvutika. Ni yaleyale, minyororo mirefu ya sukari za mmea inashika maji na haiachi. Bamia nayo hivyo hivyo, na ute wake watafiti wameujaribu kabisa kwa kutengeneza tembe. Pektini inatoka kwa maganda ya machungwa na masalio ya matofaa. Guar inatoka kwa maharagwe yanayolimwa zaidi India. Alginati inatoka kwa mwani wa kahawia wa baharini, na hiyo mtakutana nayo kwa vidonda, ile bandeji nyeupe kama pamba ambayo ukiiweka kwa kidonda chenye maji mengi inageuka jeli, kwa sababu kalsiamu yake inabadilishana na sodiamu ya maji ya kidonda. Msiitumie kwa kidonda kikavu, itashikana nacho na utamuumiza mtu ukiitoa.

Kama hamniamini fanyeni hivi. Tembe ya XR iliyoanguka sakafuni, ile ilikuwa itupwe, itieni kwa glasi ya maji, na ya kawaida kwa glasi nyingine. Ya kawaida itavunjika maji yawe meupe. Ile ya XR baada ya kama nusu saa iguseni na kidole kwa glavu, mtasikia inateleza. Iacheni mpaka mwisho wa shifti, mtaikuta imenona na bado iko nzima. Nimeona wanafunzi wakinyamaza kabisa wakiangalia hiyo glasi, na hao sijawahi kuona wanasaga XR tena.

Ukiisaga umevunja ule ukuta. Dawa ya siku nzima inaweza kuingia kwa damu kwa muda mfupi. Kwa metformin mgonjwa ataharisha na tumbo litamsumbua. Nifedipine ya Retard presha inaweza kushuka ghafla mtu aanguke. Morphine ya masaa kumi na mbili ukiisaga unaweza kusimamisha pumzi ya mtu, na hapo hatuzungumzi tena habari ya mrija. Pombe pia muulizeni mgonjwa bila kumhukumu, kuna dawa ya maumivu ya aina hii, Palladone, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2005 kwa sababu pombe ilikuwa inafanya dawa yote itoke kwa mpigo mmoja. Ile haikuwa ya jeli hii ninayoeleza lakini swali ni lilelile, na huku kwetu mtu hatakwambia anakunywa chang'aa kama umemuuliza ukiwa umekunja uso. Halafu msiseme eti tembe zote za aina hii hazikatwi. Metoprolol succinate, dawa ya presha na moyo, iliyo na mstari katikati inaweza kugawanywa mara mbili, lakini haitafunwi wala haisagwi. Usiamue kwa macho, soma karatasi ya ndani ama muulize mfamasia.

Sasa upande wa mdomo, ambao mimi naona ndio tunaufundisha vibaya kuliko yote.

Nilipokuwa mwanafunzi Nakuru nilimpa mzee mmoja metformin XR nikamwambia, mzee usitafune, umeelewa? Akasema nimeelewa binti yangu. Nikaandika mgonjwa ameelimishwa. Akarudi kliniki sukari iko juu sana. Kumbe aliona tembe imetoka chooni, laini lakini iko na umbo lake, akasema hii dawa hata tumbo inaikataa, akaacha. Na hakukosea kuona! Ganda la jeli linaweza kutoka hivyo wakati dawa yenyewe imeshaingia mwilini. Mimi ndiye sikumwambia. Alikuwa anatoka mbali, amelipa matatu mbili kuja, na alinieleza kwa heshima kabisa kama mtu anayeomba msamaha, na kosa lilikuwa langu.

Kwa hivyo ile "umeelewa?" iacheni. Hapa kwetu mtu mzima hawezi kumwambia mtu wa yunifomu hajaelewa, ni aibu kwake na anaona ni kukukosea wewe. Atasema ndio. Badala yake chukua lawama wewe kwanza, sema hivi, "Mama, mimi huwa naongea haraka, hebu niambie ukifika nyumbani utamweleza vipi binti yako hii dawa inamezwa vipi." Halafu nyamaza. Kunyamaza ndio kazi ngumu, mtajaribiwa kumalizia sentensi yake, msimalizie. Akisema "naimeza nzima na chakula cha usiku, na nikiiona chooni nisiogope", umemaliza. Akisema "nitaisaga kwa uji kwa sababu ni kubwa", umejua leo na si baada ya miezi mitatu, na unaweza kuomba abadilishiwe iwe ya kawaida.

Lugha nayo. Kama mama anaongea Dholuo ama Kibukusu na wewe hujui, tafuta mfanyakazi mwenzako anayejua, usimtumie mtoto wake wa darasa la sita kutafsiri habari ya kuharisha na choo. Na usitafute neno kubwa, mwambie ni kama murere, inavutika ndani inashika dawa ili isitoke yote. Watu hucheka kidogo hapo, wanafurahi, na wanakumbuka.

Turudi kwa yule mwanafunzi wa mrija. Nilipomuuliza kwa nini hakuuliza mtu, aliniambia wiki ya kwanza aliuliza swali akafokewa mbele ya wagonjwa, akaamua hatauliza tena. Hilo liliniuma kuliko mrija. Sisi tunaowasimamia, kila tunapofokea swali tunaweka mgonjwa fulani hatarini kesho. Na nyinyi, ukifokewa, uliza mtu wa pili. Uliza wa tatu.

Ukipiga simu usianze na "samahani daktari sijui kama…". Kuna mpangilio wa SBAR, yaani unasema hali ilivyo sasa, historia, unavyoona wewe, halafu unachoomba, ulitoka kwa manowari za jeshi la majini la Marekani ndio hospitali zikauchukua, na unafaa sana mtu mwenye woga kwa sababu unajua neno linalofuata. Kwa yule mama ingekuwa hivi: "Mimi ni mwanafunzi wa wodi ya wanawake, napiga kuhusu mama wa kitanda cha 7. Ameandikiwa metformin XR jioni hii na ako na mrija wa NG. Alipata stroki, hamezi, sukari yake nimepima sasa hivi ni hii. XR haiwezi kusagwa, itaziba mrija na dawa itatoka yote mara moja. Naomba uangalie kama utambadilishia ya kawaida ama insulini." Haichukui hata dakika. Rudia kwa sauti kile amejibu, andika kwa kadeksi, rekodi ya mgonjwa, mwambie sista inchaji.

Huyo mwanafunzi alipiga simu ya aina hii siku nne baadaye, nimesimama karibu naye, mkono unatetemeka lakini sauti iko sawa. Ilikuwa potasiamu ya SR na mgonjwa mwingine mwenye mrija. Klinikal ofisa akamwambia asante, naibadilisha iwe ya maji. Akarudi kwa yule mgonjwa, akainama karibu na sikio lake, akaanza kumweleza kwa Dholuo.