Maswali na Majibu: Mshipi Wakati wa Kusi

SWALI: Navua samaki aina ya changu na chewa kwa mshipi, chombo changu ni ngalawa. Msimu wa upepo wa kaskazi riziki ipo, lakini msimu wa kusi, Juni hadi Agosti, narudi mtupu siku nne kati ya sita. Wenzangu wanasema samaki wamehama. Ni kweli?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Hawajahama ndugu yetu, chambo chako ndicho hakiwafikii. Maji ya juu, ambayo Machi huwa nyuzi 29 au 30, kufikia Agosti hushuka hadi 25 hivi. Hiyo si baridi ya kumfukuza changu. Tatizo ni mkondo. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, na kusi ikivuma huusukuma ukakaza mwendo. Chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi) la gramu 100 lililotosha Januari sasa huburutwa nyuma ya chombo, na chambo hupita juu kabisa ya vichwa vya samaki. Panda hadi gramu 250, na siku za mkondo mkali hata 400. Dalili ni rahisi: ukilegeza mshipi lazima usikie chubwi likigonga chini. Usiposikia, ongeza uzito, usiongeze mshipi.

La pili ni siku unazochagua. Wengi hupenda bamvua, siku za maji makubwa, kwa mazoea, lakini kwa mshipi wa kusi tunakushauri maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo, yaani siku ya 8 hadi 10 na ya 22 hadi 24 za mwezi mwandamo. Sababu iko kwenye saa. Kusi hupoa alfajiri, umande, yaani upepo wa nchi kavu, unapotoka bara, kisha hukaza kuanzia saa nne au saa tano asubuhi. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri, kwa hiyo utulivu wako wote wa asubuhi unaangukia maji yanayotoka kwa nguvu. Siku za maji mafu ni kinyume: yamekupwa saa kumi alfajiri, yanajaa polepole hadi karibu saa nne. Unapata karibu saa sita za maji yanayopanda bila upepo mkali. Hapo ndipo changu hupanda mwambani kula.

Mshipi wenyewe: nailoni ya milimita 0.7 hadi 0.9, ndoana mbili za namba 7 hadi 9 (kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua). Vitawi vya ndoana viwe sentimita 25, na nafasi kati ya kimoja na kingine sentimita 40. Kitawi kikiwa kirefu kuliko nafasi hiyo, mkondo utavisokota vyote viwili na utashinda ukifumua badala ya kuvua. Chubwi lifunge chini kabisa kwa nailoni nyembamba ya 0.5, likinasa jiweni likatike lenyewe, ndoana zibaki.

Chambo kizuri ni ngisi, kipande cha upana wa kidole na urefu wa sentimita 6 au 7. Kitoboe ncha moja tu. Ukikikunja na kukitoboa mara tatu kitazunguka kama pangaboi, na ncha ya ndoana itafichika. Maji yakiwa na tope samaki hutegemea pua, basi tumia dagaa au kibua mbichi, na ubadilishe kila dakika 20 hata kama hakijaguswa, maana harufu imeshaoshwa. Kwa upande wenu, Ruvu humwaga tope lake kaskazini ya mji na mkondo hulipeleka mbele zaidi. Baada ya masika vua kusini ya mlango wa mto.

SWALI: Nimepoteza nanga mbili msimu huu, zote zimenasa kwenye matumbawe. Nifanyeje?
Msomaji, Kilwa

JIBU: Kwanza usitupe nanga juu ya matumbawe. Itupe kwenye mchanga, upande wa kusi wa mwamba, kisha uachie kamba hadi chombo kikae ukingoni. Kamba iwe mara tano ya kina. Mara tatu inatosha kaskazi, lakini sasa wimbi likiinua chombo litaing'oa.

Kisha badilisha ufungaji. Kamba usiifunge kwenye pete, ifunge kitakoni mwa nanga, uilete juu kando ya mpini na kuishikiza peteni kwa uzi mwembamba. Nanga ikinasa, zunguka upande wa pili, uvute kwa nguvu: uzi unakatika, nanga inatoka kinyumenyume. Uzi uwe wa kukatwa na watu wawili wakivuta. Ukiwa dhaifu kuliko hapo utakatika kwa wimbi tu, na utajikuta unaelea.

SWALI: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ngalawa itoke?
Msomaji, Unguja

JIBU: Nje ya mwamba, hapana. Hatari zaidi ni kwenye milango ya mwamba wakati maji yanatoka: yanakutana na wimbi la kusi uso kwa uso, na wimbi la mita 2 linasimama wima na kuvunjika. Paje na Jambiani hupokea upepo wote. Ukiwa na njia ya kwenda magharibi ya kisiwa, kisiwa chenyewe kitakukinga, mradi usiachie ukaingia katikati ya mkondo ulio kati ya kisiwa na bara. Huna njia hiyo? Shona tanga, badilisha vitawi, subiri mwezi mwandamo ufike siku ya 8, maji mafu yaanze.