Kadi za Bennett ndizo zilizolijaza watu korongo la Wisconsin

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni mahali gani pa mapumziko palipopata jina kwa sababu ya picha? Jibu langu ni Wisconsin Dells, mji ulio kwenye korongo la Mto Wisconsin, Marekani, na mpiga picha ni Henry Hamilton Bennett.

Korongo lenyewe ni la mawe ya mchanga ya miaka takribani milioni 500. Mwishoni mwa enzi ya barafu, ukuta wa barafu uliozuia ziwa kubwa ulibomoka, maji yakafumuka na kuchonga mwamba kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana magenge yamesimama wima na vichochoro vya pembeni ni vyembamba. Reli ilifika mwaka 1857, mji ukiitwa bado Kilbourn City. Wageni wa kiangazi walitembezwa kwa mitumbwi ya makasia, na kuanzia 1873 kwa meli ya mvuke. Lakini mtu hapandi treni kwenda asikokujua. Aliyekuwa Chicago alilijua korongo kwa kadi ya picha pacha ya Bennett: picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa kwa lenzi mbili zilizoachana kama macho yanavyoachana. Ukizitazama kwa stirioskopu, yaani kifaa kinachoonyesha kila jicho picha yake, genge linajitokeza na mto unarudi nyuma.

Kuzipata hakukuwa kazi ndogo. Kioo kilimwagiwa kolodioni, dawa ya majimaji yenye kunata, kikainamishwa ili ienee bila michirizi, kisha kikatumbukizwa dakika chache kwenye nitrati ya fedha, dawa inayokifanya kipokee mwanga, gizani. Kilipaswa kupigwa picha na kusafishwa kingali kibichi, yaani ndani ya dakika kama kumi, na joto la kiangazi lilizipunguza. Kikikauka, dawa haipenyi tena na picha imeharibika. Kwa hiyo hema la giza, chupa za dawa na vioo vilibebwa hadi korongoni. Juu ya hayo, dawa ile huona zaidi mwanga wa buluu: jiwe la manjano na kahawia hutoka jeusi, na kwenye kivuli lenzi lazima iachwe wazi muda mrefu. Hata wakati wa kuchapa palikuwa na mtego. Picha mbili za kioo kimoja zisipokatwa na kubadilishana nafasi, kina kinageuka: kilicho mbali kinaonekana karibu.

Mwaka 1886 Bennett akaenda mbali zaidi. Alitumia kifunga lenzi kilichofyatuliwa kwa mipira ya kunyumbuka, akamnasa mwanawe Ashley hewani akirukia nguzo ya mwamba iitwayo Stand Rock, juu ya pengo la kama mita moja na nusu. Wakati picha nyingi zilidai mtu asitikisike, hii ilikuwa ajabu, na kwangu ndiyo picha iliyouza korongo kuliko zote. Leo anayeruka pale mbele ya watalii ni mbwa aliyefunzwa, na chini yake umetandazwa wavu.

Bennett alilipinga bwawa la umeme lililopangwa kujengwa mjini. Alifariki mwanzoni mwa 1908; bwawa likakamilika 1909, maji yakapanda na kufunika sehemu za chini za magenge yaliyo upande wa juu wa mto. Mji ulibadili jina kuwa Wisconsin Dells mwaka 1931. Studio yake ya 1875 sasa ni makumbusho. Anayekwenda aanzie hapo kabla ya kupanda boti, maana baadhi ya miamba iliyomo kwenye kadi hizo sasa iko chini ya maji.