Sabuni ya mwani imeondolewa sokoni: kosa liko kwenye maneno

SWALI: Nipo Columbus, Ohio. Nauza kwenye soko la mtandaoni sabuni za mafuta ya nazi, mwani na karafuu zinazotengenezwa na shangazi yangu na wenzake Paje, Unguja. Tangazo langu lilisema: "Sabuni ya asili. Inatibu chunusi na pumu ya ngozi, inaua bakteria, inafukuza mbu." Liliuza vizuri miezi minne, kisha likaondolewa nikaambiwa lina madai yaliyokatazwa. Nikaongeza chini kwamba hii si dawa na haijathibitishwa na FDA, mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, wenye soko wakakataa tena. Niliyoandika ni ya kweli, wateja wenyewe wanashuhudia. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Mzigo ukishavuka bahari na kulipiwa ushuru, kuuona umelala chumbani si jambo dogo. Lakini sabuni yenyewe haina tatizo. Kilichoizuia ni maneno yako, na maneno yanarekebishika.

Anza na jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui. Sheria ya Marekani ya chakula, dawa na vipodozi, ya mwaka 1938, haiangalii kilichomo kwenye bidhaa peke yake. Inaangalia pia muuzaji anasema ni ya kazi gani. Chukua kipande kimoja cha sabuni ya shangazi. Ukisema kinasafisha tu, na kimetengenezwa kwa mafuta yaliyochemshwa na kostiki kama sabuni za siku zote, hicho ni sabuni, na FDA haikihesabu hata kama kipodozi. Ukiongeza kwamba kinalainisha ngozi, kimekuwa kipodozi. Ukisema kinatibu chunusi, kimekuwa dawa. Kipande ni kile kile na hakijaongezwa hata tone la mafuta, ila sasa kinadaiwa masharti yote ya dawa. Dawa ya chunusi inayouzwa bila cheti cha daktari huko Marekani lazima iwe na kiambato kilichoorodheshwa kwa kazi hiyo, kama asidi ya salisiliki au salfa. Mwani haumo, karafuu haimo. Kwa hiyo tangazo lako lilisomeka kama la dawa isiyoruhusiwa.

"Inaua bakteria" nayo ni dai la dawa inaposemwa juu ya sabuni ya mwili, na FDA ni wakali hapo. Mwaka 2016 walipiga marufuku viambato 19 katika sabuni za kuua vijidudu, triklosani ikiwemo, kwa sababu viwanda havikuweza kuonyesha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na kwamba vinashinda sabuni ya kawaida na maji. Kama viwanda vikubwa vilishindwa kuleta ushahidi huo, wewe usiingie huko.

Mbu ni mlango mwingine kabisa. Kitu kinachodaiwa kufukuza wadudu kinahesabiwa kuwa kiuatilifu, na msimamizi wake ni EPA, idara ya mazingira, chini ya sheria ya mwaka 1947. Karafuu na mafuta yake yamo kwenye orodha ya viambato vya hatari ndogo vinavyosamehewa usajili wa EPA, lakini msamaha huo una masharti: viambato vyote vitoke kwenye orodha zao, asilimia ya karafuu iandikwe kwenye lebo, na usitaje malaria wala ugonjwa wowote unaoletwa na mdudu. Hata hivyo majimbo mengi yanadai usajili wao wenyewe. Kwa sabuni ya kuogea, ushauri wangu ni kufuta habari ya mbu moja kwa moja.

Huenda unajiuliza kwa nini soko lenyewe linakuwa gumu hivyo wakati bidhaa ni yako. Mwaka 2018 Amazon walikubali kulipa takriban dola milioni 1.2 katika makubaliano na EPA, kwa sababu ya viuatilifu visivyosajiliwa vilivyouzwa na wauzaji wengine kupitia kwao. Soko lililowahi kulipa kwa makosa ya wauzaji halingoji kubishana na muuzaji mdogo.

Sasa ile sentensi uliyoiongeza. Iko kwenye sheria ya mwaka 1994, na inahusu virutubisho vya kumeza: vidonge, unga, matone. Sabuni haimezwi. Na hata kwenye virutubisho, mtu akiandika "inatibu kisukari" juu kisha "hii si dawa" chini, ameshavunja sheria, na mstari wa chini haufuti wa juu.

Kuhusu ukweli wa maneno yako, nitakujibu bila kuzunguka, maana hapa ndipo ninapojali zaidi. Siwadharau wateja wako. Lakini mtu akisema ngozi ilipona, hatujui alibadilisha nini kingine, na waliounguzwa mara nyingi hawaandiki chochote, wanatupa sabuni. Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo eujeno, na eujeno inajulikana kuwasha ngozi ya baadhi ya watu na kuwaletea mzio. Mwenye pumu ya ngozi, ambaye ngozi yake tayari ina michubuko, ndiye wa kwanza kuungua. Tangazo lako lilikuwa linamwita huyo huyo. Fikiria mama ameacha krimu aliyopewa mtoto hospitalini kwa kuwa ameamini sabuni yako. Hilo peke yake lingetosha kulifuta neno "inatibu", hata kama sheria isingekuwepo.

Na ushuhuda wa mteja ukiutumia kuuzia, unahesabiwa kuwa dai lako. Mwaka 2012 FDA waliionya kampuni moja, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kwamba ukurasa wake wa Facebook uliweka "like" kwenye maneno ya mteja aliyesema bidhaa hiyo imemsaidia kuizuia saratani.

Kwa hiyo usafishaji usiishie kwenye kichwa cha habari. Fungua maneno ya kutafutia ambayo mnunuzi hayaoni. Nimekuta matangazo mengi yamesafishwa vizuri juu huku neno la ugonjwa limebaki humo, na mashine za soko hulisoma. Kuza kila picha utazame lebo, maana kama boksi la Paje limeandikwa "tiba ya ngozi", Kiswahili hakikufichi. Toa picha za kabla na baada. Pitia majibu uliyowapa wateja, kikaratasi unachokitia ndani ya kifurushi, na kurasa zako za mitandao. Usithubutu kufungua tangazo jipya lenye maneno yale yale, kwani hapo utapoteza akaunti nzima. Usiandike pia kwamba FDA wameidhinisha, kwa sababu hawaidhinishi sabuni wala vipodozi hivyo, na kusajili kiwanda si kuidhinishwa.

Mimi ningeandika: "Sabuni ya mafuta ya nazi, mwani wa Paje na karafuu. Imetengenezwa kwa mkono. Inasafisha, ina povu laini na harufu ya karafuu." Weka uzito kwa aunsi na gramu. Ukitaka kusema inalainisha ngozi, unaruhusiwa, ila umeingia kwenye vipodozi: andika viambato vyote kwenye lebo, na uisome sheria ya vipodozi ya mwaka 2022. Wenye mauzo ya wastani yasiyofika dola milioni 1 kwa mwaka wamesamehewa usajili kwa bidhaa za aina hii, lakini taarifa za mteja aliyedhurika vibaya lazima zipelekwe FDA.

Barua ya rufaa iwe fupi. Taja maneno uliyoyatoa na mahali yalipokuwa, ambatisha picha ya lebo mpya, basi. Usitetee uwezo wa sabuni kuponya, kwa maana kila sentensi ya utetezi ni dai jipya.

Nafasi iliyobaki kwenye tangazo ijaze kwa yale usiyohitaji kibali kuyasema: kinamama wakiingia majini wakati wa bamvua, kamba zilizofungwa mwani, unavyoanikwa na kusagwa. Muombe shangazi akupigie picha hizo wiki hii, na umwambie asichapishe maboksi mengine kabla hujayasoma maneno yake.