Mzigo Si Shoti: Kosa Nililolitia Saini

Juzi mhandisi kijana aliniandikia: "Kaka, tunaongeza transfoma ya tatu kituoni. Mzigo wa kila laini haufiki ampea 630, na breka za laini ni za ampea 1,250. Tuko salama?" Niliusoma ujumbe mara mbili. Miaka ile niliandika maneno yayo hayo kwenye ripoti, nikaitia saini.

Tulikuwa na transfoma mbili za MVA 60, kilovolti 132 kwa 33, impedansi (ukinzani wa ndani unaobana mkondo wa shoti) asilimia 12. Ya tatu ilikuja ya aina hiyohiyo, zote zifungwe sambamba kwenye basi baa moja, yaani chuma kinachokusanya umeme na kuugawa kwa laini. Fundi mmoja mtu mzima akaniuliza, "Mwanangu, hizi breka zinakata ngapi?" Nikajibu 1,250. Hakusema neno. Alinishika mkono hadi kwenye breka, akapangusa vumbi kwenye kibati kwa kiganja. Palikuwa na 25 kA: kiloampea 25, mkondo mkubwa kabisa wa shoti ambao breka inaweza kuukata.

Gawa 60 kwa 0.12, unapata MVA 500 za shoti, yaani karibu kiloampea 8.75 kutoka kila transfoma. Mbili zinatoa 17.5. Tatu, 26.2, zaidi ya 25 ya kibati. Impedansi ya gridi ingepunguza kidogo, lakini uhai wa mtu hauwekwi juu ya "kidogo".

Zile ampea 1,250 ni za mzigo, ambao breka huubeba kutwa; kukata shoti ni kazi nyingine. Kwenye shoti, kontakti zikiachana, moto wa umeme huendelea kuwaka katikati yake mpaka mkondo upite sifuri, jambo linalotokea mara 100 kwa sekunde kwenye hezi 50. Hapo gesi iupoze kabla volti hazijarudi kuuwasha upya. Breka ikizidiwa, moto hauzimiki, na breka yenyewe inaweza kupasuka. Na ukiifunga juu ya shoti, kilele cha kwanza cha mkondo hufika mara 2.5 ya kiwango cha shoti: kwa breka ya 25, ni kiloampea 62.5.

Mkutanoni ripoti yangu alipewa mwenzangu airekebishe, nami nimekaa palepale. Bado inaniuma. Swichi inayounganisha vipande viwili vya basi baa, yaani basi kapla, iliachwa wazi ili zote tatu zisilishe shoti moja: transfoma mbili upande huu, moja upande ule.

Vijana, nendeni mkasome vibati, msitegemee michoro ya zamani. Rudieni hesabu ya shoti kila transfoma inapoongezwa. Wala msiitegemee aizoleta, swichi ya kutenga kifaa kisicho na mzigo. Haikuundwa kukata shoti.

Nawe uliyeniandikia, panda kituoni kesho, nitumie picha ya kibati cha breka na impedansi za transfoma zote tatu. Nitazipitia usiku huohuo.